Echingi za Köln zilizopakwa rangi kwa mkono: nenda dukani ukachague karatasi yako mwenyewe

Naanza na bei ya hizi echingi, yaani picha za mji wa Köln zinazopigwa chapa kwenye karatasi kutoka kwenye bamba la chuma, maana najua ndo swali la kwanza. Ndogo, bamba lake ukubwa wa posikadi, bila fremu, euro 65. Ya kati, ile inayoonyesha Dom, yaani kanisa kuu la Köln, na mto Rhine ukiwa umesimama ng'ambo upande wa Deutz, euro 140. Kubwa yenye mji wote wa kale, euro 320. Mimi nimechukua ya kati ya kwangu na ndogo ya kumpelekea mjomba Mombasa, na nasema bila kuzunguka kwamba hela yangu imeenda mahali pake. Ila kuna kununua na kuna kupigwa, na tofauti yake haionekani kwa jicho la haraka haraka, ndo maana nimeamua kuandika kirefu hivi kwa ajili ya wenzangu mlioko huku Ujerumani na nyie mnaokuja kutembea mnaishia kununua zile picha za vibandani karibu na Dom mkidhani mmepata kazi ya mkono.

Duka lenyewe ni dogo sana. Chumba cha mbele picha, chumba cha nyuma karakana, na mlango wa katikati uko wazi muda wote kwahiyo ukiingia tu unakutana na harufu ya wino na mafuta ya kitani. Mwenye duka ni mama wa makamo, ndiye anayechora, ndiye anayepiga chapa, ndiye anayepaka rangi, na ndiye anayekufungia mzigo. Jina silitaji hapa kwa sababu ameniomba nisiliweke hadharani, oda zikizidi hana wa kumsaidia. Nachoandika hapa kitakusaidia kwenye duka lolote la aina hii, iwe Köln, iwe Praha au Paris, maana kazi ni ileile.

Sasa kwa ambaye hajawahi kuiona, echingi ni picha inayopigwa chapa kutoka kwenye bamba la shaba nyekundu au zinki. Fundi anasafisha bamba mpaka lisibaki na mafuta hata ya kidole, analipaka nta nyeusi nyembamba iliyochanganywa na lami na utomvu, ikishakauka anachora juu yake kwa sindano. Hachimbi chuma, anaondoa nta tu ili shaba ionekane. Afu bamba linaingia kwenye asidi, na asidi inakula pale palipochorwa peke yake, penye nta haigusi. Ndo mistari inapatikana hivyo. Ujuzi huu uliingia kwenye picha za karatasi kutoka kwa mafundi wa mavazi ya vita ya chuma, wao walikuwa wanatumia asidi kutia nakshi kwenye ngao na deraya, na Daniel Hopfer wa mji wa Augsburg, karibu mwaka 1500, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuuchukua na kupigia chapa kwenye karatasi. Yaani ni kazi ya miaka mia tano na hatua zake hazijabadilika sana.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba bamba haliingii kwenye asidi mara moja likatoka tayari. Mama huyu alinionyesha bamba la ile ya kati, lile alilopigia picha yangu. Mawingu ya mbali kule nyuma ni mistari myembamba kama unywele, hiyo imekaa kwenye asidi muda mfupi tu afu akalitoa bamba, akaosha, akaifunika ile mistari kwa vanishi isiliwe tena. Akarudisha bamba. Sasa zikaendelea kuliwa nyumba na minara. Akatoa tena, akafunika tena. Mwisho kabisa ikabaki kingo ya mto mbele na mashua, hiyo imekaa muda mrefu kuliko yote ndo maana wino wake mweusi tii na ukipitisha kidole juu ya karatasi unausikia umenyanyuka. Kwahiyo ule umbali unaouona kwenye picha, kwamba mashua iko karibu na minara iko mbali, haujatoka kwenye penseli, umetoka kwenye saa. Anahesabu dakika. Akikosea hapo, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

Na yote hayo anachora kinyume! Maana karatasi ikilazwa juu ya bamba inatoa picha iliyogeuka, kushoto inakuwa kulia. Ukisimama Deutz unaangalia mji, kanisa la Groß St. Martin liko kushoto, Dom liko kulia na daraja la Hohenzollern linazidi kulia zaidi. Kwenye bamba vyote vimekaa upande wa pili. Ana kioo kikubwa ukutani na mchoro wake wa penseli umegeuzwa kukiangalia, anafuata kilichomo ndani ya kioo.

Nilibahatika siku hiyo alikuwa anapiga chapa, akaniruhusu kukaa kwenye kiti pembeni nisimsumbue. Hapa naomba mnivumilie maana hii sehemu ndo iliyonifanya nitoe pochi. Bamba analipasha moto kidogo, anapakaza wino mzito bamba zima, mpaka hauoni kitu, jeusi lote. Afu anachukua kitambaa cha chachi kigumu kilichokunjwa kama kibunda, anaanza kufuta kwa kuzungusha, polepole, wino unatoka juu ya bamba lakini unabaki ndani ya mistari. Chachi ya kwanza ikichafuka anachukua ya pili, ya pili nayo ikichafuka anachukua safi zaidi. Mwisho anaweka kitambaa pembeni anafuta kwa kiganja chake, pembeni ya kiganja pale chini ya kidole kidogo, anakipitisha juu ya chaki nyeupe kidogo afu kwenye shaba, shap shap shap, mikono miepesi mno, na anga la picha linaanza kung'aa. Akaniambia kiganja ndo kinachoamua. Ukifuta sana picha inakuwa kavu, mistari tu imesimama haina pumzi. Ukifuta kidogo inakuwa chafu. Yeye kwenye maji ya Rhine anaacha utando mwembamba wa wino kwa makusudi, kwahiyo mto una kivuli hata kabla ya rangi, ila juu angani anafuta mpaka bamba linang'aa.

Karatasi ni ya pamba, nene, imelowekwa na kukamuliwa kwenye karatasi za kufyonza ili iwe na unyevu bila kuchuruzika. Inalazwa juu ya bamba, juu yake blanketi za sufu, afu vyote vinapita kati ya rola mbili za chuma, anazungusha gurudumu kwa mkono kama usukani wa jahazi kubwa. Mgandamizo ni mkubwa kiasi kwamba karatasi inasukumwa mpaka ndani ya mistari kwenda kuuchota wino. Akainyanyua kwa pembe mbili taratibu, na mji ukawa upo, umekaa sawa, Dom kulia. Nilisema mashallah kwa sauti, akacheka, neno analijua.

Na bamba moja linatoa karatasi moja kila mara linapopakwa wino. Ya pili, anaanza upya: kupaka, kufuta, kulaza, kuzungusha. Sasa piga hesabu mwenyewe ukiona euro 140.

Tukija kwenye rangi. Hapa ndo wengi wanapoharibu, na hapa ndo naona huyu mama amewazidi wenzake. Chapa ikishakauka vizuri, na inachukua siku kadhaa maana wino ni wa mafuta, anapaka rangi ya maji kwa brashi, karatasi moja moja. Wino wa mafuta haushikani na maji kwahiyo mistari haichafuki, rangi inapita juu yake mstari unabaki mweusi. Karatasi nayo lazima iwe na gundi ya kutosha ndani yake, isipokuwa nayo rangi inazama na kutapakaa kama chai iliyomwagika kwenye tishu.

Nimeona maduka mengine mjini ambako picha imepakwa bluu angani, bluu mtoni, kijani kwenye miti, nyekundu kwenye mapaa, manjano ukutani, kila mahali pamejazwa mpaka huioni tena ile kazi ya sindano. Sasa ulikuwa na haja gani ya kuhangaika na asidi? Huyu mama anapaka kidogo sana. Kwenye picha yangu zile nyumba nyembamba za uwanja wa Fischmarkt zilizosimama mbele ya Groß St. Martin ndo zimepewa rangi: moja waridi iliyopauka, moja manjano ya maziwa, moja kijani cha maji. Dom lote ameliacha kwenye wino peke yake, hajaligusa, isipokuwa kivuli chepesi cha kijivu kwenye mnara wa kusini. Mto una mkupuo mmoja wa bluu, mmoja tu, umeanza kulia umekufa katikati. Jicho lako linaanza kwenye zile nyumba afu linapanda lenyewe kwenda kwenye minara ya Dom, ile ya mita 157, na hapo hakuna rangi, kuna mistari tu maelfu kwa maelfu. Ukiniuliza mimi, huo ndo ustadi wenyewe, kujua mahali pa kuacha.

Na sasa nafika kwenye jambo ambalo nataka ulibebe hata ukisahau mengine yote. Usiagize kwa picha ya simu. Nenda. Mwombe akutolee karatasi zote alizonazo za bamba hilo hilo uzilaze mezani pamoja.

Mimi alinitolea tano za ile ya kati. Bamba moja, bei moja, toleo moja la karatasi 150, namba zimeandikwa kwa penseli chini kushoto. Ukiziangalia moja moja utasema zote sawa. Ukizipanga mezani unaona ni tofauti kabisa! Moja mto ulikuwa mzito kwa sababu aliacha wino mwingi zaidi siku hiyo, ukawa kama jioni. Moja anga ilikuwa nyeupe sana na ile nyumba ya waridi imekoza. Moja mstari wa daraja ulikuwa umefifia kidogo upande wa mwisho. Niliyochukua mimi ni ya nne, wino wake uko katikati na ile bluu ya mto imekauka ikaacha ukingo mkali kidogo pale ilipoishia, kitu ambacho hakukipanga, maji yalifanya yenyewe. Mtu aliyeagiza kwa posta angepelekewa yoyote ile. Yeye mwenyewe anasema hana shida ukichagua, anafurahi, kuna wateja wanakaa saa nzima.

Halafu msiangukie kwenye ile habari ya namba ndogo, eti 3/150, yaani karatasi ya tatu kati ya 150, ni bora kuliko 120/150. Mafundi wengi hawaandiki namba kwa mpangilio zilivyotoka kwenye mashine. Shaba inachakaa kweli, mistari myembamba inaanza kuzama baada ya chapa nyingi, lakini kuna mafundi wanaolifunika bamba kwa ngozi nyembamba ya chuma kwa umeme likadumu zaidi. Angalia karatasi yenyewe, uone mistari ya mbali iko hai au imekufa. Namba haitakuambia.

Sasa za vibandani. Zile nyingi ni chapa ya mashine ya ofseti, rangi na mistari vyote vimetoka pamoja kiwandani, afu wameweka neno handkoloriert, yaani imepakwa rangi kwa mkono, kwenye kikaratasi, na ukibahatika kweli kuna mtu amegusa mahali pawili patatu kwa brashi. Namna ya kujua: chukua kioo cha kukuza, hata kamera ya simu ukiisogeza karibu inatosha. Ukiona vidoti vidogo vya bluu, waridi, manjano na nyeusi vimepangana, hiyo imetoka kiwandani, rudisha. Kwenye echingi ya kweli unaona mstari mzima wa wino, umetuna, na rangi yake ina mabwawa, pengine imezidi mstari kidogo, pengine imepungukiwa. Afu tafuta kibonyo. Bamba lilivyogandamizwa limeacha alama ya mstatili kuzunguka picha yote, kingo zimezama ndani ya karatasi. Pitisha kidole. Ila siku hizi wajanja wanakibonyeza hicho kibonyo juu ya picha ya ofseti, kwahiyo usikitegemee peke yake, kibonyo na kioo viende pamoja. Na geuza nyuma! Echingi ya kweli ukiigeuza unaona karatasi imezama kidogo nyuma ya mistari mizito. Muuzaji anayekukataza kugeuza, mwachie picha yake uondoke.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya niipende hii kazi ndani ya mji huu hasa, na nyinyi watu wa pwani itawagusa. Köln ndiko kilikochapishwa kitabu kikubwa kuliko vyote vya picha za miji wakati huo, Civitates Orbis Terrarum, juzuu ya kwanza mwaka 1572 na ya sita ambayo ni ya mwisho mwaka 1617. Mhariri alikuwa Georg Braun, kasisi wa hapahapa, na mchongaji mkuu Frans Hogenberg, mtu wa Mechelen aliyehamia Köln. Kwenye juzuu zote sita mna picha za miji zaidi ya mia tano, mabamba ya shaba, mengine yamechongwa kwa patasi na mengine yameliwa na asidi, na walionunua walikuwa na hiari ya kuchukua nyeusi tupu au iliyopakwa rangi kwa mkono. Kupaka rangi ilikuwa kazi ya mtu kamili, ana chama chake. Abraham Ortelius, yule mtengenezaji wa ramani, ambaye Hogenberg alimchongea mabamba, mwaka 1547 aliingia kwenye chama cha mafundi cha Antwerp kama mpaka rangi za ramani, alianzia hapo.

Sasa kwenye juzuu hiyo ya kwanza, 1572, kuna karatasi moja ina miji minne. Juu yote ni Aden. Chini yake mitatu imepangwa safu: Mombaza, Quiloa, Cefala. Ndiyo, Mombasa, Kilwa na Sofala! Niliiona kwenye duka moja la karatasi kuukuu hapa mjini, imewekwa kwenye kadibodi nyeupe, na wallahi nilisimama pale mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama niko salama. Kisiwa kimezungukwa na maji ya kijani, nyumba zimebanana, mapaa yamepakwa wekundu kama mapaa ya Ulaya, maana aliyechonga hakuwahi kukanyaga huko, walitegemea habari na michoro iliyokwishatangulia. Ngome ya Yesu haimo. Haikuwa imejengwa, Wareno walianza kuijenga 1593. Kwahiyo unaitazama Mombasa ya kabla ya Ngome, hata kama imepitia kwenye macho ya mtu wa mbali, na Kilwa ambayo Wareno walishaipiga tangu 1505. Mtu amekaa Köln na brashi, karne nne na nusu zilizopita, anapaka rangi maji ya Kilindini.

Bei yake ni mamia ya euro kwa hiyo sikuinunua, lakini nawapa nilichojifunza kwa atakayeweza. Karatasi halisi ina mkunjo katikati, kwa sababu ilikuwa imeshonwa ndani ya kitabu. Nyuma yake kuna maandishi, Kilatini, Kijerumani au Kifaransa kutegemea toleo. Inue juu ya mwanga uone mistari ya ungo wa karatasi ya zamani na pengine alama ya maji ya mtengenezaji. Na rangi: karatasi nyingi za zamani zilikuwa nyeusi tupu zikapakwa rangi miaka ya karibuni ili ziuzike, hiyo si haramu lakini bei isiwe ileile, kwahiyo uliza rangi ni ya wakati wake au ya sasa na jibu liandikwe kwenye risiti. Dalili mojawapo ni kijani. Kijani cha zamani kilitengenezwa kwa kutu ya shaba, na kutu hiyo inaila karatasi polepole, baada ya miaka mingi inapenya inaacha madoa ya kahawia nyuma. Ukigeuza nyuma ukaona kivuli cha kahawia palepale penye miti au bahari, rangi hiyo ni ya siku nyingi. Nyuma ikiwa safi kama jana, uliza maswali zaidi.

Na msishangae mkikuta Dom la kwenye picha za wakati ule halina minara. Walianza kulijenga 1248, karne ya 16 wakasimama, winchi ya mbao ikabaki juu ya kile kisiki cha mnara wa kusini mpaka 1868, na jengo likaisha 1880. Kwenye picha za mji za zamani hiyo winchi inaonekana vizuri, ndo ilikuwa alama ya mji. Yule mama ana kibamba kidogo amechora winchi hiyo peke yake kwa kufuata picha za kale, hiyo ndo ndogo niliyomchukulia mjomba, yeye fundi seremala najua atakaa akihesabu maungio ya mbao.

Fremu sasa, na hapa nawaambia hasa mnaopeleka nyumbani. Fremu zake dukani ni nzuri lakini ghali, ya kati ilikuwa euro 90 zaidi, nikaona hapana. Nikachukua picha ndani ya bahasha ya kadibodi nikaweka fremu kwingine. Masharti ni haya: kadibodi ya kuzunguka picha iwe isiyo na asidi, iwe ya tabaka nene ili kioo kisigusane na karatasi, na picha isigundishwe kwa gundi wala selotepu ya kawaida, ishikwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ili ipate kutanuka na kunywea. Pwani unyevu ni mwingi, karatasi ikibanwa pande zote inajikunja mawimbi, na ikigusana na kioo inashika ukungu humo ndani hutauona mpaka umeshakula. Mgongo wa fremu uzibwe vizuri maana kuna wadudu wanapenda karatasi ya pamba na gundi yake. Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa mvua, wala mkabala na dirisha, rangi ya maji jua linaifuta, waridi ndo inaanza kuondoka. Wino wenyewe hauna shida, utabaki.

Kwenye ndege niliibeba mkononi ikiwa bapa kati ya mbao mbili nyembamba. Usiikunje kwenye mrija, tena karatasi nene hivi, ukiikunja kile kibonyo kinalegea na rangi ikiwa nzito inaweza kupasuka.

Mabaya ya duka hili. Kadi hachukui kabisa, ni keshi tu, na mashine ya kutolea pesa iko mbali kidogo. Saa za kufungua anazibandika mlangoni lakini hazifuati, nimeshakwenda nikakuta pamefungwa na kikaratasi kwamba yuko kwenye asidi, basi piga simu kwanza. Bahasha aliyonipa ya ile ndogo ilikuwa nyepesi, pembe moja ilijikunja kabla sijafika nyumbani, nilipomrudia alibadilisha karatasi bila kelele na hakutaka hata senti, ila kwa kazi ya namna hii angeweka kadibodi ngumu tangu mwanzo. Na Kiingereza chake ni cha kuokoteza, kama Kijerumani hujui nenda na mtu.

Kubwa ya 320 niliiangalia sana nikaiacha. Si kwamba ni mbaya, ila kwenye bamba kubwa amejaza rangi zaidi kuliko alivyofanya kwenye ile ya kati, mapaa yote mekundu, na kwa macho yangu mistari imezidiwa. Nilimwambia. Akasema wateja wengi ndo wanavyoipenda lakini anaweza kunitolea moja ya rangi kidogo kwa oda, bei ileile, nisubiri wiki tatu. Kwahiyo hilo nalo mlijue, mnaweza kuomba rangi ipunguzwe, au msipakiwe kabisa mkachukua nyeusi tupu kwa euro 40 pungufu, na kwa mtu anayependa majengo nadhani nyeusi tupu ya ile kubwa ndo chaguo.

Risiti mwambie aandike jina la picha, namba yake na neno Radierung, ndo echingi kwa Kijerumani, handkoloriert, mwaka na sahihi. Mkifika uwanja wa ndege nyumbani mkaulizwa ni nini, mna karatasi ya kuonyesha. Jumatatu hafungui.